Tone la oili Witeithie: historia fupi ya sili, na giaboksi ya baba

Naomba radhi kwa kimya kirefu. Kuna wawili watatu walioniandikia kuuliza sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata iko wapi. Ipo, haijaisha. Kilichonitenga na kibodi mwezi mzima ni tone la oili.

Leo basi niruhusuni niiweke tarakilishi kando nizungumzie mashine nyingine. Wale waliokuja kusoma habari za seva wavumilie kidogo, tutakutana mbele.

Naishi Witeithie, hapa kati ya Juja na Thika. Kwenye uwanja wa ploti yetu, chini ya bati, kuna pikipiki aina ya Yamaha DT125 ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni ya baba. Alikuwa afisa wa kilimo, na kwa pikipiki hiyo alikuwa akipanda kuelekea Gatundu na Gatanga kukagua kahawa za watu: nani amepogoa, nani ameacha mibuni ishikwe na ugonjwa, nani amepanda maharagwe katikati ya mibuni na anajifanya hajui yametoka wapi. Nyakati hizo kahawa ilikuwa pesa. Halafu Julai 1989 ule mpango wa kimataifa wa kugawa kiasi cha kahawa ambacho kila nchi ingeuza ukavunjika, bei ikaanguka, na katika miaka ya 1990 serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi wake. Baba alikuwa miongoni mwa walioenda nyumbani mapema. Pikipiki ilipotolewa kwenye orodha ya mali ya serikali na kupigwa mnada, akainunua.

Imekaa chini ya bati miaka tisa sasa. Mwaka huu kaka yangu mkubwa alisema tuiuze kwa mtu wa vyuma chakavu, yule anayepita na mkokoteni na mizani ya kuning'iniza. Baba alipoulizwa kwa simu alisema, "Uzeni, si ni yenu." Wanaomjua baba wanajua maana ya sentensi hiyo. Nikaomba nipewe hadi Desemba, atakapokuja kututembelea. Injini niliiwasha kwa siku mbili tu, plagi mpya na kusafisha kabureta. Lakini giaboksi ilikuwa inavuja, na si kuvuja kwa mchezo. Ukiiegesha usiku, asubuhi unakuta doa lenye ukubwa wa sahani. Keateka wa ploti aliniambia kwa upole kwamba simiti ya mwenye nyumba haikumwagwa kwa ajili ya oili yangu.

Nilianza kama mtu wa programu anavyoanza: nikatafuta dalili, nikaiziba. Nilinunua chupa ya silikoni nikaipaka kila mahali palipokuwa na unyevu. Giaboksi ikaonekana kama keki ya harusi. Asubuhi doa lilikuwa palepale, na safari hii lilikuwa na vipande vya silikoni ndani yake.

Hapo ndipo nikaanza kusoma, na kama mnavyonijua, nikianza kusoma sirudi upesi.

Giaboksi yoyote ni sanduku lenye oili ambalo lazima litobolewe. Hilo ndilo tatizo lake la kuzaliwa. Sanduku lisilo na tundu halivuji, lakini shafti zinapaswa kutoka nje: moja ibebe sproketi inayozungusha cheni, nyingine ishikwe na pedali ya gia, nyingine ipigwe teke wakati wa kuwasha. Kila shafti ina tundu lake, na kila tundu linahitaji kitu kinachomruhusu chuma kuzunguka huku kikiinyima oili njia. Kwa miaka mingi hapakuwa na kitu kizuri cha kufanya kazi hiyo. Watengenezaji walitumia vipande vya sufu iliyoshindiliwa, koki na ngozi. Pikipiki nyingi za zamani za Uingereza zilitumia ujanja mwingine: shafti ilichongwa mfereji wa mzunguko kama uzi wa bolti, ili ikizunguka iirudishe oili ndani. Ni werevu mtupu, ila una kasoro moja. Shafti ikisimama, mfereji nao unaacha kurudisha. Ndiyo maana pikipiki hizo zilikuwa na sifa ya kuchafua sakafu zikiwa zimeegeshwa. Zikiwa barabarani, upepo ulificha aibu. Ukienda kwenye yale maonyesho ya Concours d'Elegance jijini Nairobi, yaliyoanza mwaka 1970, utawakuta wazee wakizipangusa kwa vitambaa.

Suluhisho lilitoka kwa watu wa viatu. Kampuni ya Freudenberg ya mji wa Weinheim, Ujerumani, ilianza mwaka 1849 ikitengeneza ngozi. Mwaka 1929 uchumi wa dunia ulipoporomoka na ngozi ikakosa wanunuzi, wakatafuta kazi nyingine ya kuipa ngozi yao, wakaanza kukata sili za magari. Mhandisi wao mmoja, Walther Simmer, akaunda pete yenye mdomo unaoikumbatia shafti, na mpaka leo Wajerumani wanaiita kwa jina lake, Simmerring. Kufikia mwaka 1936 wakaacha ngozi na kutumia mpira wa kutengenezwa maabara, ambao hauliwi na mafuta. Mpira wa mti wa kawaida ukiukalisha kwenye oili unavimba na kuwa kama uji wa ngano.

Ukiichukua sili ya leo mkononi utaona wazo la Simmer zima. Nje kuna pete ngumu inayobana kwenye tundu la sanduku. Ndani kuna mdomo mwembamba wa mpira, na nyuma ya mdomo kuna springi ndogo sana, nyembamba kama uzi, iliyounganishwa ikawa duara, inayoubana mdomo kwenye shafti. Mdomo huo haugusi chuma kavu. Kati yake na shafti kuna utando mwembamba mno wa oili unaoulainisha. Kwa hiyo sili nzuri si ile inayozuia oili yote. Ni ile inayoruhusu kiasi kidogo kabisa, kisha ikakishika hapo hapo.

Ndugu yake, ile pete ya mviringo mtupu inayoitwa oringi, ilitoka kwa Niels Christensen, Mdenmarki aliyehamia Marekani na kupata hataza mwaka 1939. Vita vilipoanza serikali ya Marekani ikauona ni uvumbuzi muhimu mno kuachiwa mtu mmoja, ikaruhusu viwanda viutumie. Wengi wenu mnaijua oringi kwa sababu mbaya: Januari 28, 1986 chombo cha Challenger kililipuka baada ya pete za namna hiyo kukakamaa kwa baridi na kushindwa kuziba. Watu saba walikufa. Kwangu mimi hasara ilikuwa simiti tu, nashukuru.

Sasa njooni kwenye sehemu iliyonifurahisha kuliko zote. Nilitaka kujua giaboksi ya baba imetoka wapi, nikakuta ukoo unaofanana kabisa na mradi wa chanzo huria.

Mwaka 1939, katika mji wa Zschopau, kampuni ya DKW ilionyesha pikipiki ndogo iitwayo RT125. Mchoraji wake alikuwa Hermann Weber. Ilikuwa ya injini ya mipigo miwili, nyepesi, ya bei ndogo, na injini na giaboksi vilikaa ndani ya ganda moja badala ya masanduku mawili yaliyounganishwa kwa cheni na mabano. Kisha vita. Ujerumani iliposhindwa, michoro ya RT125 ikawa sehemu ya fidia, na kila mshindi akajichukulia nakala. Warusi walikibomoa kiwanda chenyewe wakakihamishia kwao, wakatoa pikipiki iitwayo Moskva. Weber naye alipelekwa Urusi, akafia huko mwaka 1948. Mwaka huohuo Waingereza wakatoa BSA Bantam, na Wamarekani wakawa na ya kwao kupitia Harley-Davidson. Bantam ndiyo inayochekesha: Waingereza walizoea pedali ya gia iwe upande wa kulia, kwa hiyo wakaigeuza michoro kama inavyoonekana kwenye kioo. Ni yale yale tunayofanya sisi, unachukua msimbo wa mtu, unabadilisha mpangilio wa vitufe, unauita jina jipya.

Tawi la mwisho lilichipuka Hamamatsu, Japani. Kulikuwa na kampuni ya kutengeneza vinanda, iliyoanzishwa na Torakusu Yamaha mwaka 1887. Baada ya vita ilikuwa na mashine za kuchonga vyuma zilizokaa bure. Mwaka 1955 ikatoa pikipiki yake ya kwanza, YA-1, iliyotokana waziwazi na RT125, lakini wakaiongezea gia ya nne na kuipaka rangi iliyowafanya Wajapani waiite kereng'ende mwekundu. Mwezi Julai mwaka huohuo ikashinda mashindano ya kupanda mlima Fuji. Ndiyo maana mpaka leo kwenye tangi la pikipiki ya baba kuna alama ya nyenzo tatu za kupatanishia sauti za vinanda zilizopishana. Nikiwa mtoto nilidhani ni uma za kulia pilau.

Kwa hiyo DT125 iliyo chini ya bati hapa Witeithie ni kitukuu wa Zschopau. Imebadilika sana, hakuna bolti moja inayofanana, lakini wazo ni lilelile: mipigo miwili, ganda moja, giaboksi nyuma ya injini, na oili ya giaboksi imetengwa na ile inayounguzwa pamoja na petroli. Kumbukeni hilo la kutengwa, lina maana baadaye.

Pikipiki za namna hii ndizo zilizoiendesha serikali mashambani Afrika Mashariki. Chanjo, mbegu, barua za shule, ripoti za mvua, vyote vilipanda nyuma ya kiti cha mtu mmoja aliyevaa koti zito. Na nyingi hazikufa kwa ajali. Zilikufa kwa mambo madogo. Mwaka 1988 watu waliokwenda Somalia na shirika la misaada walikuta pikipiki za wahudumu wa afya zimetupwa zikiwa bado changa, kwa sababu hakuna aliyefundishwa kukaza cheni au kubadilisha oili. Kutokana na hilo likazaliwa shirika la Riders for Health, na mwaka 1991 wakaanza Lesotho na mpango wa matunzo ya kila mara badala ya kungoja kitu kivunjike. Tone moja kwa dakika linatosha kumaliza oili ya giaboksi, maana ndani hamna hata lita moja. Gia zikikauka zinakwaruzana, mabeki yanakatika, na pikipiki ya maelfu inakufa kwa sababu ya pete ya bei ya chapati mbili na chai.

Halafu mwaka 2008 Kenya ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya cc 250, na ninyi nyote mnaona matokeo kila mkishuka stendi. Boda boda zilijaa. Hizo ni za mipigo minne, na ndani yake oili ni moja, inalainisha injini, klachi na gia kwa pamoja. Vijana wetu wanaozitengeneza ni hodari, wanaweza kuifungua na kuifunga huku wanaongea na simu. Lakini nilipowapelekea DT walizunguka wakaitazama kama watu wanaotazama simu ya kuzungusha namba kwa kidole. Mmoja akaniuliza ni wapi naweka oili ya injini. Nilipomwambia injini haina oili yake, alidhani namtania.

Wakanielekeza kwa mzee mmoja mwenye kibanda upande wa kuelekea kwenye machimbo ya mawe. Alikuwa na karakana kando ya barabara ya Thika mpaka ilipopanuliwa, ile kazi ya 2009 hadi 2012, ndipo akasogea ndani. Jina la mahali petu, Witeithie, kwa Kikuyu ni jisaidie, na sijapata kumwona mtu anayelibeba jina hilo vizuri kama yeye. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliandika ripoti kuhusu Kenya wakagundua kwamba mafundi wasio na leseni wala paa walikuwa sehemu kubwa ya uchumi. Mzee anasema yeye wakati huo tayari alikuwa anafungua injini, hakuhitaji kugunduliwa.

Macho yake yamechoka. Hawezi tena kusoma maandishi madogo. Mikono iko sawa.

"Umepaka nini hapa, kijana?"

"Silikoni, mzee."

"Itoe yote. Kwa kucha. Si kwa bisibisi, utakwaruza chuma."

Nilitumia saa nzima kwa kucha. Kisha akanionyesha njia ya kutafuta mvujo ambayo naona kila mwanafunzi wa programu angepaswa kuijua. Unaosha giaboksi kwa dizeli, kisha kwa sabuni, unaikausha kabisa. Unanyunyiza poda ya mtoto kila mahali, ikawa nyeupe. Unaendesha kilomita mbili tatu, unarudi, unachuchumaa na tochi. Poda iliyolowa kwanza, juu kabisa, ndiyo inakuambia ukweli. Oili inateremka na upepo unaitawanya, kwa hiyo mahali panapodondoka si mahali panapovuja. Nilikuwa nimeziba chini siku zote wakati inatoka juu. Mara ngapi tumerekebisha mstari ambapo programu ilianguka, na kosa lilitokea faili tatu nyuma yake?

Poda ililowa nyuma ya sproketi ya mbele. Tukaitoa cheni, tukaitoa sproketi, na sili ikaonekana, ngumu kama ukwaju wa mwaka jana. Hiyo si lawama kwa aliyeitengeneza. Imeishi miaka zaidi ya arobaini, na mpira una umri wake.

Nikaenda mjini nikanunua sili. Dukani walinihakikishia ni yenyewe. Haikuwa. Iliingia kwa shida, ikabaki imechungulia nje, na baada ya siku moja poda ililowa tena. Nilipoirudisha mzee akaniambia nimsomee namba zilizoandikwa usoni mwa ile ya zamani. Sili hainunuliwi kwa jina la pikipiki, akasema, inanunuliwa kwa namba tatu: upana wa shafti, upana wa tundu, na unene, zote kwa milimita. Ya kwangu mpya ilikuwa sawa namba mbili na tofauti ya tatu. Nikapanda matatu hadi Nairobi, Kirinyaga Road, ambayo wauza spea bado wanaiita Grogan, nikaipata kwa namba zake bila kutaja pikipiki kabisa.

Kabla ya kuiweka, mzee alipitisha ukucha juu ya ile bushi inayokaa kwenye shafti ndani ya sili. Akanipa na mimi nipitishe. Kulikuwa na mfereji. Mdomo wa mpira laini, kwa miaka yote hiyo pamoja na mchanga wa Gatundu, ulikuwa umekula chuma. Sili mpya ikikaa kwenye mfereji wa zamani inavuja siku hiyohiyo. Ndani ya bushi kulikuwa na oringi nyembamba ambayo mimi sikujua ipo, nayo ilikuwa imekuwa bapa kama utepe. Hii ndiyo sehemu watu husahau: oili haipiti nje ya bushi peke yake, inaweza kupita ndani yake, ikifuata meno ya shafti. Tukaigeuza bushi mfereji ukae pembeni, tukaweka oringi mpya, tukapaka mdomo wa sili grisi kidogo ili usianze maisha yake mkavu. Sili tuliigonga taratibu kwa kipande cha bomba chenye upana wake, mdomo ukitazama ndani, kwenye oili.

Siku mbili, kavu. Nilimpigia kaka simu nikajisifu.

Siku ya tatu poda ililowa kwenye shafti ya pedali ya gia.

Nikabadilisha sili hiyo, ni ndogo na rahisi. Siku mbili kavu. Halafu ikaanza upande wa pili, kwenye shafti ya kiki. Nikaanza kuelewa kwa nini watu huuza pikipiki kwa kilo. Kaka akaniambia mtu wa mkokoteni atapita Jumamosi, na kwamba yeye hana haraka, anasema tu.

Nilirudi kwa mzee Ijumaa jioni nikamweleza yote. Hakuinuka kwenye kigoda chake.

"Ukiziba hapa, inatokea pale."

"Ndiyo."

"Hiyo si sili, kijana. Hiyo inasukumwa. Inapumua wapi?"

Sikuwa na jibu. Sikujua kwamba giaboksi inapumua. Baadaye nilipiga hesabu nikaona aibu, maana fizikia ya kidato cha tatu ingetosha. Hewa iliyofungiwa ikipanda joto kutoka nyuzi 20 hadi 90, mgandamizo wake unaongezeka kwa karibu asilimia 24. Sili za kawaida kama hizi zimeundwa kuzuia oili inayorushwa na gia, si kuzuia hewa inayotaka kutoka kwa nguvu. Ukiinyima mlango hewa inautafuta, na inaupata kwenye sili iliyo dhaifu kuliko zote. Ukiimarisha hiyo, zamu inakwenda kwa inayofuata. Na usiku giaboksi ikipoa mambo yanageuka, inavuta ndani, ikiwezekana pamoja na maji na vumbi. Hiyo ndiyo sababu oili niliyomwaga mara ya kwanza ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, nami nikadhani ni uzee.

Kwa pikipiki za mipigo miwili kuna uwezekano mwingine ambao mzee alinifanya niuondoe kwanza. Kati ya klachi na chumba cha injini kuna sili ya shafti kuu, kwa sababu zile oili zimetengwa kama nilivyosema. Sili hiyo ikichoka, injini inainyonya oili ya giaboksi na kuiunguza. Unaona oili inapungua, chini ni pakavu, na nyuma kuna moshi mzito usioisha hata injini ikipata moto. Ya baba haikuwa hivyo. Moshi ulikuwa wa kawaida yake, ule wa kumfanya keateka afunge dirisha.

Juu ya ganda la giaboksi, nyuma, kunatoka mrija mwembamba wa mpira unaopanda kuelekea chini ya kiti. Nilikuwa nimeuona mara nyingi nikadhani ni wa kabureta. Nikauchomoa, nikaupuliza. Haukupitisha pumzi hata kidogo. Nikaupasua kwa wembe. Ndani kulikuwa na udongo mwekundu mkavu, umefinyangwa kwa ustadi, vyumba vitatu mfululizo, na ndani ya kimoja maganda ya nyigu.

Yule nyigu anayejenga kwa udongo, mnamjua, anayeziba hata tundu la ufunguo. Katika miaka tisa chini ya bati aliuona mrija mtupu akauchukua kama ploti.

Wenzangu wa programu mtakuwa mmeshanitangulia. Septemba 9, 1947, kule Harvard, watu waliokuwa wakifanya kazi na Grace Hopper kwenye mashine ya Mark II walimkuta nondo amenaswa kwenye swichi, wakambandika kwa gundi kwenye daftari la kumbukumbu na kuandika kwamba hatimaye wamempata mdudu wa kweli. Neno lenyewe ni la zamani zaidi ya hapo, wahandisi walikuwa wakilitumia tangu enzi za Edison, ndiyo maana walicheka. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi, nimetafuta wadudu usiku kucha, na huyu ni wa kwanza kumshika kwa vidole. Nimembandika kwenye daftari. Mke wangu hajafurahi.

Tulimwaga oili yote tukasafisha mara mbili, kwa hofu kwamba punje za udongo ziliangukia ndani. Nikaweka mrija mpya, ule wa petroli unaoonyesha ndani, na mzee akanifundisha kuukunja ncha yake itazame chini ili mvua isiingie. Nikajaza oili mpaka alama, si zaidi. Nakiri hapo nyuma nilikuwa naijaza kupita kiasi nikidhani naifanyia hisani. Sili ya kiki nilibadilisha vilevile, kwa kuwa nilikuwa nimeshainunua. Mzee alikataa pesa ya ile siku ya mwisho akasema hakushika spana. Nikamwachia oili iliyobaki na paketi ya majani chai.

Jumamosi mtu wa mkokoteni alipita. Akaitazama, akaitikisa kwa mguu, akataja bei. Kaka akamwambia arudi mwaka ujao.

Nimeweka karatasi ngumu ya boksi la printa chini yake kila usiku. Leo ni asubuhi ya kumi na moja na karatasi ni safi, isipokuwa alama ya paka.

Jana jioni nilimpigia baba, nikaiwasha, nikaishikia simu karibu. Alikaa kimya muda mrefu nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema niiweke gia ya pili niachilie klachi polepole. Nikafanya hivyo, nikazunguka uwanja na simu begani.

"Bado inalia hiyo ya pili?"

Nikamwambia inalia.

"Hiyo iache. Imelia hivyo tangu 1983."